Mtandao haurogwi, unazimwa

NDUGU msomaji, Jumatano ile ya Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, nilikuwa barazani kwa jamaa yangu Mbagala, upande wa Rangi Tatu. Tulikuwa watu sita, kila mmoja na simu janja yake mkononi. Ghafla simu zote zikawa kama vioo vya kujitazamia. WhatsApp haiendi. Facebook haifunguki. Programu ya kuitia bodaboda inazunguka tu.

Sasa sikiliza tulivyofanya. Kijana wa kwanza alizima simu akaiwasha. Wa pili alitoa laini, akaipuliza kama anapuliza filimbi, akairudisha. Wa tatu alitoka mbio kutafuta vocha, akidhani bando limekwisha. Wa nne alisema mnara wa Kizuiani umeharibika. Wa tano, na wa aina yake hakosekani katika kijiwe chochote, alituapia kwamba setilaiti imepigwa na jua. Na mimi ninayejiita mwandishi nikaduwaa pamoja nao.

Watu sita, simu sita, na hakuna hata mmoja aliyeweza kueleza kimetokea nini, wapi, na kwa mkono wa nani. Mtandao ulipoanza kurudi Novemba 3, baada ya siku tano hivi, tulishangilia kama watu waliorudishiwa maji ya bomba. Basi, yakaishia hapo.

Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu leo. Wahenga walisema mjinga akierevuka, mwerevu yuko mashakani. Na katika jambo hili la mtandao, vijana wa Temeke na Kinondoni bado hatujaerevuka. Tunautumia mchana kutwa, tunaulipia kila asubuhi, tunaula na kuulalia, lakini hatujui ulivyo. Asiyejua njia huambiwa lolote: leo ataambiwa barabara imebomoka, kesho ataambiwa haikuwahi kuwapo, naye atashukuru.

Tuanze na tarehe yenyewe, maana ina kichekesho chake. Oktoba 29, 1969, nchini Marekani, mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu pale Los Angeles alikaa mbele ya kompyuta na kujaribu kuituma neno kompyuta nyingine iliyokuwa Taasisi ya Utafiti ya Stanford, mamia ya kilomita kutoka pale. Alitaka kuandika LOGIN, yaani ombi la kuingia. Akaandika L, ikafika. Akaandika O, ikafika. Kabla ya kufika mbali zaidi mashine ya upande wa pili ikazimika. Wakaitengeneza, na usiku huohuo wakafanikiwa. Ule ndio ujumbe wa kwanza wa mtandao uliozaa intaneti.

Kwa hiyo dunia iliwasha Oktoba 29, na sisi tulizima Oktoba 29, miaka 56 kamili baadaye! Ujumbe wa kwanza ulikatika kwa sababu mashine ilikuwa changa. Wetu ulikatika kwa sababu gani? Vuta subira, tutafika. Kwanza tujue kinachokatika.

Wengi wetu tunadhani intaneti ni kitu fulani kilichokaa angani, nacho kinatumwagia picha kama mvua. Sivyo hata kidogo. Intaneti ni kompyuta nyingi zilizounganishwa kwa waya na mawimbi, zikakubaliana namna ya kuzungumza. Shikilia hapo kwenye kukubaliana, maana ndipo siri ilipo. Makubaliano hayo huitwa itifaki.

Itifaki ni kama adabu zetu za Pwani. Huwezi kuingia nyumba ya mtu kimyakimya. Unapiga hodi. Mwenye nyumba anaitika karibu. Nawe unajibu ahsante, ndipo unavua viatu. Kompyuta zina adabu hiyohiyo, na inaitwa TCP. Simu yako hupiga hodi kwa kompyuta iliyo mbali, ile huitikia karibu, simu hujibu ahsante, ndipo mazungumzo huanza. Hatua tatu, kila mara, na zote kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Asipoitika mtu, simu yako hubaki mlangoni inapiga hodi. Ule mduara unaozunguka kwenye kioo ndiyo hodi isiyojibiwa.

TCP ana ndugu yake anayeitwa IP. Wawili hawa waliandikiwa misingi na Vint Cerf na Bob Kahn mwaka 1974, na Januari 1, 1983 mtandao ule wa Marekani ukahamia rasmi kwao. Mpaka leo ndio wanaobeba mzigo wa dunia nzima. TCP anaangalia mzigo ufike wote. IP anaangalia anwani.

Sasa fikiria unahama kutoka Manzese kwenda Chamazi, na huna pesa ya kukodi lori. Utafanyaje? Utafunga vitu katika maboksi, kila boksi utaliandika namba na mahali linapokwenda, halafu utayagawa kwenye bajaji. Bajaji moja itapita Barabara ya Mandela, nyingine itakimbia foleni na kupita vichochoroni. Boksi la tisa litafika kabla ya la pili. Mkeo aliye Chamazi atahesabu: la saba halijafika, leteni la saba. Mwisho nyumba imekamilika.

Intaneti hufanya hivyohivyo. Picha unayomtumia mchumba haiendi nzima. Hukatwakatwa vipande viitwavyo pakiti, na kwa kawaida pakiti moja haizidi baiti 1,500 hivi. Picha ya megabaiti 3 ni pakiti kama 2,000. Kila moja ina namba yake, anwani ya inakotoka na anwani ya inakokwenda. Zinaweza kupita njia tofauti, na huko mwisho zinapangwa upya. Iliyopotea inaitishwa tena.

Unaona uzuri wake? Mtandao wa namna hii haumtegemei mtu mmoja. Njia moja ikifungwa, pakiti hutafuta nyingine. Haukubuniwa uwe na mwenyekiti wa kudumu wala ofisi kuu yenye swichi moja ya dunia nzima. Ukiona umekufa nchi nzima kwa wakati mmoja, ujue limefanyika jambo lisilo la kawaida.

Twende kwenye anwani. Kila kifaa kilicho mtandaoni kinahitaji namba, na namba za mtindo wa zamani, toleo la nne, ni kama bilioni 4.3 tu. Watu duniani tumepita bilioni 8, na mwenzangu peke yako una simu mbili. Hazitoshi. Akiba kuu ya dunia ya namba hizo iligawiwa ikaisha Februari 2011. Afrika mgao wetu unasimamiwa na AFRINIC, ofisi yake iko Mauritius. Toleo la sita lenye namba zisizoisha lipo, ila kuhamia huko dunia nzima inakwenda mwendo wa kinyonga.

Basi tunaishije? Tunaishi kama wapangaji wa Tandika. Nyumba moja, vyumba kumi, sanduku la posta moja. Barua zote zinakuja kwa sanduku la mwenye nyumba, naye anajua ipi ya chumba namba tatu. Kampuni za simu hufanya hivyo: wateja wengi mnatoka nje kwa namba moja. Kwa nje mnaonekana mtu mmoja. Ndiyo maana siku nyingine unaingia tovuti fulani unaambiwa umezuiwa kwa fujo ambazo hukufanya. Kafanya mpangaji mwenzako usiyemjua.

Lakini nani anakariri namba? Wewe unaandika jina, si tarakimu. Hapa ndipo anapoingia mtu muhimu sana, nawe umjue vizuri: DNS, kazi iliyobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983.

Kwa lugha ya uswahilini, DNS ni mjumbe wa nyumba kumi. Umefika Tandale unamtafuta Mzee Shomari. Hujui nyumba. Unakwenda kwa mjumbe, naye anakuambia pita pale kwenye gulio, kata kushoto, mlango wa bluu. Kama hamjui, atakuelekeza kwa mjumbe mwenzake. Majina ya mtandao yanaulizwa hivyo, kutoka juu kuja chini. Yale yanayoishia na .tz daftari lake liko hapahapa nchini, na tzNIC ilianzishwa mwaka 2006 ili kulisimamia.

Sasa mjumbe huyo akiitwa na wakubwa akaambiwa, "Kuanzia leo akija mtu kumuuliza Mzee Shomari, sema humjui." Utafika, utauliza, utajibiwa hakuna mtu kama huyo hapa. Utarudi kwenu ukiamini Mzee Shomari kahama au kafa. Kumbe yupo, kakaa mlangoni pake anakunywa kahawa! Nyumba ipo, njia ipo, mjumbe ndiye aliyedanganya. Hiyo ni njia rahisi kuliko zote ya kufungia tovuti, na sehemu nyingi duniani ndiyo huanza kutumiwa.

Ya pili ni kuweka mgambo mlangoni kwa Mzee Shomari: anwani yenyewe inazuiwa. Ya tatu ni kuweka mgambo njiani anayechungulia kila boksi ili ajue ni mzigo wa nani, kisha anautupa, au anauchelewesha mpaka uchoke mwenyewe. Hiyo ya kuchelewesha ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu unalaumu simu yako.

Tumeyaona hapa nyumbani. Oktoba 27, 2020, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu wa mwaka ule, mitandao ya kijamii kama Twitter na WhatsApp iligoma, wakati kurasa nyingine zilifunguka. Mei 2025 mtandao wa X nao ulifungwa nchini. Mjomba wangu mwaka 2020 alikwenda kwa fundi, akaambiwa simu imeingia virusi, akalipa shilingi elfu kumi na tano kusafishiwa virusi visivyokuwapo. Simu ilikuwa nzima kabisa. Mgonjwa hakuwa simu.

Wajanja wa mjini hapo hukimbilia VPN. Nayo ielewe usije ukaibeba kama hirizi. VPN ni bahasha ndani ya bahasha. Mgambo wa njiani anaona bahasha ya nje tu, inakwenda kwa mtu wa tatu aliye mbali, naye huko ndiye anayeifungua na kuipeleka kwa Mzee Shomari. Inasaidia kumkwepa mjumbe mwongo. Lakini mambo mawili uyajue. Kwanza, Oktoba 2023 TCRA ilitangaza kwamba wanaotumia VPN waziandikishe kwake, kwa hiyo usije ukasema hukuambiwa. Pili, anayekupa VPN ya bure sasa ndiye anayeshika barua zako zote. Umemkimbia mgambo wa serikali ukamkabidhi mzigo mtu usiyemjua hata sura.

Na kuna siku bahasha hazisaidii chochote. Hiyo ni siku ambayo barabara yenyewe imefungwa. Ili uielewe siku hiyo lazima umjue mtu wa mwisho, naye ni konda.

Intaneti ni mtandao wa mitandao. Kila kampuni ya simu, kila chuo kikubwa, kila benki kubwa inaweza kuwa na mtandao wake. Inajuaje njia ya kufika kwa mwenzake? Kwa kutangaziana. Itifaki ya kutangaziana inaitwa BGP, na inafanya kazi kama makonda wa daladala pale Mbagala: "Kariakoo, Kariakoo kupitia Kilwa Road!" Ukisikia konda anaita, unajua hapo pana njia. Konda akinyamaza, hata kama gari lipo na barabara ipo, hakuna abiria atakayepanda, kwa sababu hakuna anayejua linakwenda wapi.

Konda anaweza kudanganya. Februari 24, 2008 serikali ya Pakistan iliagiza YouTube izuiwe ndani ya nchi hiyo. Kampuni yao ya simu ikatangaza njia ya uongo ya kwenda YouTube ili abiria wapotelee humo. Bahati mbaya tangazo likavuja nje ya mipaka, makonda wa dunia wakaliamini, na kwa kama saa mbili watu wa nchi nyingi sana wakaikosa YouTube. Amri ya wakubwa wa nchi moja ikawakosesha walimwengu.

Na makonda wanaweza kunyamazishwa. Usiku wa Januari 27 kuamkia 28, 2011, huko Misri, wananchi walipokuwa barabarani wakimpinga Rais Hosni Mubarak, kampuni za mtandao zilifuta matangazo yake ya njia, moja baada ya nyingine, ndani ya dakika chache. Misri ikatoweka kwenye ramani ya intaneti. Ikarudi Februari 2. Siku tano. Shirika la OECD lilikadiria hasara ya moja kwa moja kuwa si chini ya dola milioni 90. Na Mubarak? Februari 11 aliondoka madarakani, mtandao ukiwa umewashwa au haukuwashwa.

Njia nyingine haigusi makonda kabisa. Kampuni huambiwa izime huduma ya data kwenye mitambo yake, na minara inabaki imesimama. Kupiga simu kunaweza kuendelea, hata *150 za kutuma pesa zinaweza kuendelea, maana zile hupita kwenye mitambo ya simu yenyewe, si kwenye intaneti. Ukiona unaweza kupiga simu lakini data imekufa kwa laini zote, hiyo ni alama. Iweke kichwani.

Swali linakuja: tutajuaje kama ni amri au ni ajali? Maana ajali zipo kweli, na si haki kumsingizia mtu.

Nikurudishe nyuma kidogo. Kabla ya mwaka 2009 intaneti yetu ilikuja kwa madishi ya setilaiti. Setilaiti hizo zilikaa kilomita kama 36,000 juu ya ikweta. Ujumbe upande huko, ushuke, jibu lipande tena, lishuke tena: ni karibu nusu sekunde kabla ya kuhesabu lingine lolote. Waliokaa kwenye vibanda vya intaneti vya Mwenge na Kariakoo wakilipa kwa saa, wakisubiri picha moja ishuke kama pazia, wanajua ninachosema. Ajabu zaidi, barua pepe kutoka Kariakoo kwenda Kinondoni iliweza kupanda angani, ikatua ng'ambo, ikarudi tena, nasi tukalipa kwa dola. Ndiyo maana mwaka 2004 wenye kampuni za mtandao walikutanisha nyaya zao hapa Dar es Salaam, mahali panapoitwa TIX, ili mzigo wa hapa uishie hapa.

Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ukaanza kazi, mwaka uliofuata ukaja wa EASSy. Mkongo ni nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, mwanga unapita ndani yake kilomita kama 200,000 kwa sekunde. Kilomita elfu kumi mwanga unazimaliza kwa sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Hapo ndipo wewe wa Buza ukaanza kutazama mpira kwenye simu.

Lakini mkongo ni waya, na waya hukatika. Jumapili ya Mei 12, 2024, EASSy na SEACOM zilikatika zote mbili baharini, huko kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania, Kenya, Uganda na majirani tukaumia pamoja. Sasa tazama alama za ajali. Haikuchagua nchi. Mtandao ulikuwa wa kusuasua, kwingine haupo, kwingine upo kidogo. Kampuni zilijitokeza kueleza. Waliokuwa na njia nyingine walirudi mapema, wasiokuwa nayo wakasubiri meli ya mafundi.

Linganisha na Oktoba 29, 2025. Nchi moja. Laini zote kwa pamoja. Siku ya kura, na jioni yake ikatangazwa amri ya kutotoka nje Dar es Salaam. Majirani zetu Kenya, wanaotumia mikongo hiyohiyo, wanaperuzi kama kawaida. Ndugu msomaji, waya hauna kalenda. Papa haji kutafuna mkongo kwa sababu ni siku ya uchaguzi, wala haachi kuutafuna mpaka washindi watangazwe. Hiyo haikuwa ajali, ilikuwa amri. Na anayekuambia vinginevyo anakupiga changa la macho kwa sababu anadhani hujui lolote.

Wenye kuitetea amri ile husema ilikuwa kwa ajili ya usalama, uzushi usisambae. Hoja hiyo tuipime kwa heshima. Ni kweli uzushi unasambaa mtandaoni, tena upesi. Lakini ukizima taa ya nyumba nzima ili kumzuia mwizi mmoja, mwizi hakosi njia, anayejikwaa ni mwenye nyumba. Uzushi ulihamia mdomoni, na hakukuwa na pa kuuliza ukweli. Mama wa Yombo hakujua mwanawe yuko wapi. Kijana wa pikipiki anayepata abiria kwa simu alilala njaa siku tano. Muuza nguo wa Kariakoo anayeuza kwa picha hakuuza hata soksi. Hao si wahalifu, ni walalahoi, na hakuna aliyewafidia senti tano.

Katiba yetu ya mwaka 1977, Ibara ya 18, inatupa haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari, na uhuru wa kuwasiliana bila kuingiliwa. Wenzetu wamekwenda mahakamani. Januari 2019 Mahakama Kuu ya Zimbabwe ilisema kuzima intaneti kulikofanyika mwezi ule hakukuwa halali, kwa kuwa waziri aliyeagiza hakuwa na mamlaka hayo. Juni 2020 Mahakama ya jumuiya ya Afrika Magharibi, ECOWAS, iliihukumu Togo kwa kuzima mtandao mwaka 2017. Sheria si mapambo. Lakini ili ushinde mahakamani lazima kwanza uweze kueleza nini kilizimwa, lini, na vipi. Huwezi kwenda kwa hakimu ukasema setilaiti ilipigwa na jua.

Kwa hiyo nadai mambo matatu, nayo si makubwa. Moja: mtandao ukizimwa kwa amri, itajwe amri ya nani, kwa sheria ipi, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi. Barabara ikifungwa kwa msafara wa kigogo tunawekewa askari njia panda, tunajua. Kwa nini njia ya watu mamilioni ifungwe kimyakimya? Mbili: tovuti na huduma zetu ziwekwe kwenye kompyuta za hapahapa, mzigo wake upite TIX. Leo kijana wa Tegeta anamuuzia viatu mteja wa Temeke kupitia kompyuta iliyo Ulaya, ndiyo maana waya ukikatika Msumbiji biashara ya Temeke inakufa. Tatu: bando lililokwisha muda wakati mtandao umezimwa lirudishwe kwa mwenyewe. Tulilipia bidhaa, hatukupewa.

Na wewe kijana una deni lako. Acha kuwa abiria wa kudumu. Itifaki zote nilizozitaja zimeandikwa wazi, zinatolewa bure kwa kila mtu, wala hakuna kigogo mwenye hati miliki yake. Zimeandikwa kwa Kiingereza, ndiyo, lakini Kiingereza cha ufundi si kigumu kuliko maneno ya nyimbo unazozikariri. Pana VETA Kipawa, pana DIT, pana ndaki ya kompyuta ya Chuo Kikuu pale Kijitonyama. Na kabla ya chuo, ukipata kompyuta ya jirani yenye Windows andika tracert na jina la tovuti, uone mwenyewe pakiti zako zinapita kituo gani baada ya kipi. Jifunze kupanga nyaya nane za rangi kwenye kichwa cha waya wa mtandao. Kila duka, kila shule, kila hoteli inamhitaji mtu huyo, na yeye haombi kazi kwa mjomba.

Siku nyingine mtandao ukikata, usiipulize laini. Jiulize maswali manne. Je, ni simu yangu tu, au na ya jirani mwenye laini nyingine? Je, ni tovuti moja, au zote? Je, simu ya kawaida inapiga? Je, aliye Mombasa naye kakatikiwa? Ukipata majibu ya hayo manne, utajua kama mgonjwa ni simu, ni mjumbe, ni waya au ni mkono wa mtu.

Nilirudi Mbagala juzi, barazani palepale. Yule kijana aliyepuliza laini nilimweleza habari za mjumbe na za konda. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Kaka, kwa hiyo siku ile konda hakupotea, alizibwa mdomo?"

Nikamjibu ndiyo. Akasema, "Basi tungemuuliza aliyemziba."

Umesikia mwenyewe. Alamsiki.